Mkataba wa Dirishani

Kila mwaka ligi ikiisha, watu wenye akili zao hupumzika. Mimi ndipo ninapoanza kuumwa. Binti yangu huniambia, "Mama, mpira umeisha, zima redio," nami humjibu kwamba mpira ndiyo kwanza unaanza, kwa sababu ubingwa hautafutwi uwanjani. Unatafutwa katika hii miezi ya baridi, viongozi wanapojifungia vyumbani kuamua nani abaki na nani aende. Uwanjani tunakwenda kusomewa majibu tu. Nimevuka miaka hamsini, nina cherehani mbili na goti linalosumbua, na bado nikisikia timu imesajili mshambuliaji mwingine wakati haina beki wa kushoto, chakula hakishuki. Mwaka huu nilikuwa katikati ya ubishi wa namna hiyo kwenye simu, naandika ujumbe mrefu wa kumsema mwenyekiti mmoja anayependa kupigwa picha na wachezaji uwanja wa ndege kuliko kusoma mikataba yao, mara ukaingia ujumbe kutoka kwa Lameck wa Dodoma. "Dada Dirisha, Ndahani ametutoka leo asubuhi. Tunazika Mvumi Jumamosi." Jina hilo la Dada Dirisha nililitumia mwaka mmoja tu wa ujana wangu. Walionipa walikuwa watatu, na sasa amebaki huyo Lameck. Mwenyekiti aliponea hapo, maana ule ujumbe sikuumalizia.

Nilikwenda Dodoma nikiwa na miaka ishirini na ushee, nikitokea Iringa, kushona sare za shule katika karakana moja ya mjini. Mkataba ulikuwa wa mwaka mmoja. Nilipanga chumba Nkuhungu, nyumbani kwa Mzee Sefu, mzee wa Kiislamu ambaye ukoo wake ulikuwa pale mjini tangu enzi za misafara, jambo alilotukumbusha kila bei ya sukari ilipopanda. Chumba kilikuwa na kitanda, meza, jiko la mkaa chini ya meza, ndoo mbili zenye vifuniko kwa sababu maji yalitoka yakijisikia, na dirisha moja lililotazama barabarani. Vumbi liliingia hata ukifunga. Asubuhi ungeweza kuandika jina lako juu ya meza kwa kidole, na mara moja moja niliandika langu, nikaliacha hapo kutwa nzima. Jioni nililikuta hivyo hivyo, na vumbi jingine juu yake. Karakanani tulilipwa kwa kipande, kila mtu na kichuguu chake cha kola, na anayepiga soga anachelewa. Jioni nilisonga ugali mdogo ambao bado ulikuwa mkubwa kwa mtu mmoja, nikaula na mlenda, mboga niliyoichukia wiki za kwanza kwa sababu inakufuata kutoka bakulini hadi mdomoni bila kukatika. Kisha nikaosha sahani moja na kikombe kimoja. Sijawahi kuwa mpweke namna ile, kabla wala baadaye, na ninasema hivyo nikiwa nimeshazika mume.

Lakini nje, karibu na dirisha langu, kulikuwa na benchi. Mzee Sefu alichemsha kahawa kila siku baada ya swala ya alasiri, akaileta pale pamoja na sinia la kashata, na wanaume wa mtaa wakaja kuinywa na kubishana. Kijiwe cha kahawa ni cha wanaume. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, ila mwanamke akikaa pale wote wanakuwa na adabu ghafla, mpaka anaona aibu na kunyanyuka mwenyewe. Kwa hiyo mimi nilikaa upande wa pili wa ukuta, juu ya kitanda, nikisikiliza. Niliwajua kwa sauti kabla sijawajua kwa sura. Alikuwepo Lameck, karani kijana wa ofisini, ambaye kila kitu kwake kilikuwa na Kiingereza chake. "Tatizo la hii timu ni management, jamani. Hawana plan." Alikuwepo Mzee Sefu mwenyewe, ambaye kwake hakuna mchezaji wa sasa aliyewafikia wale aliowaona akiwa kijana. Na alikuwepo Ndahani, fundi seremala mwenye banda lake ng'ambo ya barabara, Mgogo wa Mvumi, sauti nzito isiyo na haraka. Wenzake wakipiga kelele kwamba fulani kauzwa, yeye aliwangoja wanyamaze, kisha akauliza swali lake, lile lile siku zote. "Sawa, ameondoka. Nani anakaa pale?"

Timu yao, Zabibu Rangers, ilikuwa imemaliza msimu wake wa kwanza wa ligi kuu bila kushuka, na ilikuwa imeokolewa na mtu mmoja, beki wa kati waliyemwita Mwamba. Sasa timu kubwa ya Dar es Salaam ilimtaka, na mwenyekiti alikuwa tayari kumtoa ili apewe wachezaji watatu wenye majina, watu ambao magoti yao yalishastaafu siku nyingi, wamebaki wao tu. Kijiwe kilifurahi. Watatu kwa mmoja! Lameck alisema hiyo ndiyo biashara. Mzee Sefu alisema angalau sasa tutaona watu wanaojulikana. Mimi ndani nilikuwa nakata kitunguu, na kisu kikawa kinakwenda mbio kuliko kitunguu chenyewe kilivyohitaji, mpaka uvumilivu ukanishinda. Nilisogea dirishani nikasema kwa sauti, "Kipa na mabeki wawili wa kati ni mafiga. Ukitoa figa moja ukaleta miko mitatu, chungu kitakaa wapi?"

Nilisikia kikombe kikiwekwa chini, na aibu ikanipanda kutoka miguuni. Kisha ile sauti nzito ikasema, "Huyo wa dirishani ameuliza. Mjibuni." Sikuwangoja. Niliwaambia kosa halikuwa la mwezi ule. Mwamba alipaswa kuongezewa mkataba katikati ya msimu, timu inashinda, moyo wake ukiwa bado uko pale. Mchezaji akishaingia mwaka wake wa mwisho, yeye ameshika mpini na ninyi mmeshika makali. Na hao wazee watatu mnawapa miaka mitatu mitatu, nani atakaa nao wakiwa jukwaani na bandeji? Mzee Sefu alicheka hadi akakohoa. "Mwanangu, wewe umetokea wapi?" "Shikamoo mzee. Mimi ni yule mpangaji wako." "Marahaba, hilo najua. Nauliza kwenu."

Nilipotaja Iringa, Ndahani aliruka. "Mhehe? Mzee Sefu, fungia mbwa wako ndani, kumbe tunaishi na Mhehe!" Nikamjibu pale pale, "Na wewe Mgogo, hapo umekuja kunywa kahawa au kuomba?" Benchi zima likaangua kicheko. Wahehe na Wagogo ni watani, Mhehe huitwa mla mbwa na Mgogo huitwa ombaomba, na asiyejua utani atadhani tulitukanana. Mtani anaruhusiwa kukusema lolote, kuchukua kofia yako kichwani, kukuita mume wake mbele ya mkeo, nawe huruhusiwi kukasirika. Kukasirika ndiyo kosa pekee. Nilikuwa nimekaa wiki nyingi bila mtu wa kuniambia hata pole, na sasa nilikuwa na mtu aliyesema mimi ni mla mbwa. Nilirudi kwenye kitunguu changu nikilia na kucheka, na kitunguu kilichangia kidogo tu.

Kesho yake Ndahani alikuja na futi na msumeno. Alikata mraba mdogo kwenye wavu wa dirisha, akauwekea fremu na kifuniko cha kufungua, ili mbu wasinile. Nje ya nondo akapigilia kibao, upana wa kutosha kikombe na kipande cha kashata. Halafu akaliburuta benchi mpaka ncha yake ikawa chini ya dirisha langu, akakaa yeye kwenye hiyo ncha. Alisema ni kwa ajili ya kivuli. Kuanzia siku hiyo kahawa yangu ilikuwa ikiwekwa juu ya kibao, na mimi nikawa mwanakijiwe bila kutoka chumbani. Kila jioni alinisalimu kwa kilugha cha kwetu, "Kamwene," nami nikamjibu kwa cha kwao, "Mbukwa," kisha tukaanza kuwasema viongozi. Nilikuwa nikishona kutwa na kupanga hoja. Ikifika alasiri moyo ulianza kwenda wenyewe, na nilijiambia ni kwa sababu ya usajili.

Msimu ulinipa haki, na haki hiyo haikuwa tamu. Wale watatu mmoja aliumia mapema, wa pili alinenepa, wa tatu alicheza vizuri kila timu yake ilipokuwa imeshafungwa. Jumapili tuliwasikiliza kwenye redio ya Mzee Sefu, na kila goli lilipoingia pale katikati, mahali alipokuwa akisimama Mwamba, Ndahani aligonga kibao changu mara moja kwa kidole. Mpaka leo nikiona timu inafungwa bao kupitia nafasi ya mtu iliyemuuza, nasikia kile kidole kikigonga ubao. Watu wa siku hizi wanadhani kujenga timu ni kununua. Kujenga timu ni kumjua usiyeweza kuishi bila yeye, na kumwambia mapema.

Siku moja ya mvua kubwa hakuna aliyekuja kijiweni. Mzee Sefu alikuwa na homa, Lameck alikwama kazini. Nilikuwa nimeshawasha jiko niliposikia, "Kamwene." Alikuwa amesimama chini ya ukingo wa bati, koti limefunika kichwa, mvua inamlowanisha kiatu kimoja. "Leo hakuna kijiwe," nilimwambia. "Kipo. Wachezaji ni wachache tu." Nilimmiminia chai ya kwangu, nikaipitisha kwenye kile kimlango, tukawa tunatazama maji yanavyokata barabara. Alikuwa na la kusema, lakini alianzia mbali, kwa yule winga kijana ambaye Rangers walimchukua kwa mkopo. "Mimi siwapendi wachezaji wa mkopo," alisema. "Unamzoea. Anaizoea timu, timu inamzoea. Halafu mwenyewe anakuja kumchukua." Nikamwambia timu inayokopa inajua siku ya kurudisha tangu mwanzo. Alikunywa chai yote hadi chini. "Kujua hakusaidii," alisema, akarudisha kikombe. Mimi, na akili zangu zote za mikataba, nilidhani tunaongea mpira.

Sasa niseme wazi, maana umri wa kuficha umepita. Nilimpenda. Nilimpenda kupitia nondo, uso nusu na bega moja, na ile harufu ya maranda ya mbao iliyomfuata. Sikumwambia. Nilingoja aseme jambo moja tu lisilo la utani, ili nijue.

Rangers walishuka daraja. Wiki zile zile karakana ikatuambia oda za sare zimekwisha na mikataba haitaongezwa. Jioni yangu ya mwisho kijiweni walikuwa wakipitia majina ya wachezaji, nani abaki akasaidie kuipandisha timu na nani aachwe aende. Lameck alitaka kubomoa kikosi kizima. Mimi nilisema wabakize vijana na nahodha, waache majina yaende na wenye majina. Sauti yangu haikuwa nzuri siku hiyo, na begi lilikuwa limeshafungwa nyuma yangu. Ndipo Ndahani akasimama, akavua kofia yake, akakohoa kama mwenyekiti mbele ya waandishi wa habari. "Uongozi umekaa," alisema. "Dada Dirisha hatumwachii. Tunampa mkataba wa maisha. Nyumba iko Mvumi, bati limeshapanda, milango nimetengeneza mwenyewe. Asaini leo."

Mzee Sefu alipiga makofi. Lameck alipiga mluzi. Nilikuwa nimeshika nondo, na nilimtazama usoni, akawa anatabasamu kama anavyotabasamu mtani yeyote. Lakini mkono ulioshika kofia ulikuwa ukiikunja na kuikunjua. Niliuona. Niliuona vizuri, nikaogopa kuuamini, kwa sababu nikiuamini na ikawa utani, ningebaki kichekesho cha mtaa mzima na aibu ningepanda nayo basi hadi Iringa. Mtani akikurushia, unarudisha. Ndivyo tulivyolelewa. Nikasema, "Jamani Mgogo! Kumbe hata mke anaomba!"

Walicheka, nami nikacheka nao, mpaka kashata zikamwagika. Yeye alicheka kuliko wote, akajifuta macho kwa kofia, akaivaa. Alikunywa kahawa yake, akakipindua kikombe juu ya kibao changu kama kawaida yake. "Basi," alisema, "mchezaji amekataa." Alivuka barabara kwenda bandani kwake, na nilikaa dirishani nikingoja arudi kusema tena, bila wenzake, bila kukohoa. Naye, sasa ninaamini, alikuwa bandani akingoja niite. Asubuhi nilipanda basi. Niliolewa Iringa na mtu mwema, nikazaa, nikazika, na sina lawama na maisha yangu. Ila kila msimu wa usajili nilikuwa mkali kupita kiasi kwa timu inayomwachia mtu aondoke bila kumuuliza mara ya pili, na watu waliona ni ushabiki.

Jumamosi ile Lameck alinipokea Dodoma, mvi tupu, na tulipita Nkuhungu kwa ombi langu. Mzee Sefu alishafariki miaka mingi, nyumba ina wapangaji wengine, na dirisha langu sasa ni la kioo, lile la kusukuma. Kibao hakipo. Tundu za misumari zimezibwa na rangi, lakini ukipitisha kidole unazipata. Kule Mvumi turubai lilikuwa limefungwa mbele ya nyumba, wanawake wanapika, wanaume wamekaa kwenye mabenchi ambayo nilijua mkono ulioyatengeneza. Mlango wa mbele ulikuwa wa mninga, umeng'aa pale unaposhikwa. Niliingia kumpa pole mjane, mama mpole aliyechoka kulia, kisha nikaenda jikoni kusaidia kuchambua mchele. Dada mkubwa wa marehemu, Mama Yohana, aliniuliza mimi ni nani. Nilimwambia ni mtani, Mhehe, tulikuwa tukinywa kahawa pamoja Nkuhungu zamani.

Aliacha kupepeta. "Wa dirishani?"

"Ndiyo, dada."

"Mwaka ule alikuja hapa akatuambia tutafute mshenga wa kwenda Iringa," alisema. "Baba akatafuta. Mtu akapatikana. Wiki haikuisha akarudi, akasema achaneni nayo. Tukamuuliza, amekataa? Akasema, amecheka." Alirudi kwenye ungo wake. "Hakuwa mtu wa kusema jambo mara mbili, yule. Hata alipokuwa mtoto."

Niliendelea kuchambua mchele, nikitoa mawe hata pasipo na mawe.

Msibani mtani ana ruhusa ambayo hata mchungaji hana. Anaweza kuvaa nguo za marehemu na kutembea kama yeye, anaweza kulala njiani jeneza lisipite, na waliofiwa wanamngoja, kwa sababu bila yeye huzuni inawazidi nguvu. Pale kaburini watu walianza kunitazama. Mtani alikuwa mimi. Jeneza lilipokwisha kushushwa na wanaume wakashika machepe, nilitoka mbele, nikachukua kofia yake iliyokuwa imewekwa juu ya msalaba, nikaivaa. Nikamnyang'anya kijana mmoja chepe, nikalichomeka kwenye udongo. "Simameni," nilisema. "Hazikwi mtu hapa. Kuna mkataba haujasainiwa." Tayari walianza kucheka. Nikakohoa kama mwenyekiti. "Huyu Mgogo aliniomba. Mkataba wa maisha. Nyumba Mvumi, bati limepanda, milango katengeneza mwenyewe. Nimechelewa kujibu kwa sababu sisi Wahehe tunasoma mikataba polepole. Nimemaliza kusoma. Nimekubali. Mwambieni nimekubali."

Kicheko kilipanda kutoka pande zote za kaburi. Lameck alicheka ameinama, wazee wa kanisa walicheka, vijana walipiga mluzi. Mjane alicheka mpaka akajifuta kwa khanga, akasema kwa sauti, "Mchukue, mtani, ila nguo zake utafua wewe!" Wakacheka tena. Nami nilicheka, maana hasira ni kosa, na nadhani machozi pia. Mama Yohana peke yake ndiye hakucheka. Alizunguka kaburi taratibu, akaja kusimama kando yangu, akanishika mkono, na wanaume wakaanza kufukia.